Firigisi ya Mzee Shomvi

Hapo zamani, si ile ya wafalme bali hii yetu ya umeme wa kukatika, mama mmoja aitwaye Zawena alikuwa uani ananyonyoa kuku. Hajamaliza bawa la kwanza, mwanawe Makame akaingia mbio na habari: babu hayupo. Alimwacha barazani, akaenda kujaza upepo tairi ya pikipiki, akarudi akakuta kiti kitupu.

Babu huyo, Mzee Shomvi, ndiye baba yake Zawena. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Akipotea hawezi kutaja mtaa wala jina lake, na siku ile mvua ilikuwa inanyesha na mto nyuma ya soko umejaa.

Zawena akamwita binti yake, Sikudhani. Huyu alikuwa msanifu wa nembo za maduka, vibandiko vya sabuni na mabango ya zahanati, na kila kazi aliianza kwa mkono kabla ya kuitia kwenye kompyuta. Asipokuwa na kazi ya mtu, alichora wa nyumbani: mama akipepeta mchele, babu akisinzia. Picha ya babu ya kamera ilikuwa moja tu, ya enzi ana mashavu. Basi Sikudhani akachora uso.

Akauchora haraka, tena vizuri mno. Wateja hawapendi makunyanzi, na mkono ulishazoea kuyafuta. Makame akauzungusha kijiweni, akarudi bila babu. Waliomwona hakuna, ila waliuliza huyu ni mbunge wa wapi.

Zawena akautazama ule uso, mikono imejaa manyoya.

“Huyu bwana harusi. Baba yangu yuko wapi?” Kisha akasema, “Mtu anayeondoka huonekana mgongo. Mchore anavyoondoka.”

Sikudhani akakaa sakafuni, akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akaokota mkaa jikoni. Bega la kushoto likashuka kuliko la kulia. Kofia ikashikwa nyuma kwa mikono miwili, kama mtu anayeificha. Viatu vikakanyagwa visigino. Mkaa ukavunjika, akaendelea na kipande. Mama akachungulia. Ilibaki kumwita tu ageuke.

Makame akawasha pikipiki, mchoro ndani ya koti. Sokoni wakatikisa kichwa. Stendi wakatikisa kichwa. Darajani muuza mihogo, Bi Mkasiwa, akautazama mara moja, akaacha mihogo ikiungua. Mgongo ule ulikuwa umempita sasa hivi, unateremkia mtoni! Hakungoja pikipiki. Alifunga kanga kiunoni akakimbia, akamkuta mzee mguu mmoja umo majini, akamkamata mkono, akamvuta juu.

Wakarudi wote, pamoja na Bi Mkasiwa. Ugali ukapikwa, kuku akaiva. Lakini kuku mmoja ana firigisi moja, na nyumba ile firigisi ilikuwa ya Mzee Shomvi siku zote. Jioni ile kila mtu aliitazama.

“Bila mkono wangu,” alisema Sikudhani, “mngewaonyesha watu nini?”

“Bila pikipiki yangu,” alisema Makame, “mchoro wako ungekuwa umelala sakafuni.”

“Na bila tairi yako babu angekuwa barazani.”

Bi Mkasiwa alisema hakuja kula cha watu. “Ila kama mnagawa, mkono uliomkamata ni huu, na mihogo yangu imeungua.”

“Nani aliyesema achorwe mgongo?” aliuliza Zawena. “Na kuku nimemnyonyoa peke yangu.”

Mzee Shomvi alikuwa anautazama ule mchoro, ambao sasa umebandikwa ukutani.

“Huyu anakwenda wapi na mvua hii?” akauliza. “Mwiteni aje ale.” Kisha akasogeza sahani yake mbele, kama kila siku.

Zawena akawahesabu kwa macho: Sikudhani, Makame, Bi Mkasiwa, baba, na yeye mwenyewe. Wote wapo. Upawa ulikuwa juu ya chungu, firigisi imo ndani.

Haya, ninyi mnaosikiliza, semeni upesi, ugali unapoa: aiweke kwenye sahani ya nani?