Mikono ya Wagonga Kokoto

Nilete nisilete?

Lete!

Hata ikiwa chungu?

Lete hivyo hivyo!

Basi kaeni vizuri. Na wewe wa nyuma acha kutafuna, nasikia meno yako kuliko sauti yangu.

Hapo zamani palikuwa na mji uitwao Majabalini. Jumbe wa mji ule alitaka barabara ya kokoto itoke kwake mpaka mtoni, na aliitaka kabla ya masika. Waliogonga mawe ni wanawake. Ko, ko, ko, tangu jua kuchomoza mpaka jua kutua. Kila mmoja na nyundo yake, kila mmoja na rundo lake, kila mmoja mbali na mwenzake, maana nyapara wao, Makorongo, hakutaka waongee.

Makorongo alikuwa na neno moja. Aliyeonekana na damu au kitambaa mkononi aliambiwa, "Nenda kapone." Akienda, harudi. Nje ya lango walijaa wengine wakingoja nafasi. Basi wagongaji wakajifunza kuficha. Vumbi la mawe hufunika kila kitu, jamani, hata kidonda.

Siku moja nyundo ikamponyoka Siwema ikamponda kidole gumba. Siwema alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na mjini mle hapakuwa na kazi nyingine. Hakulia. Aliuficha mkono wa kushoto ndani ya kanga, akagonga kwa mkono mmoja mpaka jioni. Wakati wa kurudi nyumbani, mgongaji mwenzake Bi Mashavu, mama mtu mzima, akaiona damu kwenye kanga. Akamwuliza.

"Mama, nifichie," Siwema akasema. "Nikifukuzwa, wanangu watakula nini?"

Bi Mashavu hakukaa. Alikwenda nyumba ya kwanza, akasema kesho sote tufunge vitambaa mkono wa kushoto, nyapara asijue nani kaumia. Mwenye nyumba akainama, akasema sawa. Nyumba ya pili, akainama, akasema sawa. Ya tatu vilevile. Bi Mashavu alishangaa, maana alitegemea ubishi. Mnajua kwa nini hawakubisha? Hamjui. Ngojeni basi.

Asubuhi wakafika langoni. Wanawake thelathini, vitambaa thelathini. Makorongo akawatazama mmoja mmoja.

"Fungueni," nyapara akasema.

Wa kwanza akafungua: kucha mbili hazipo. Wa pili akafungua: kiganja kimechanika, kinatoa usaha. Wa tatu akafungua: kidole kimepinda, mfupa umeunga vibaya. Wewe, usifumbe macho, wao hawakufumba. Kumbe kila mmoja alikuwa na kidonda chake, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Wakaanza kutazamana mikono. Siwema akafungua kitambaa chake bila kungoja zamu.

Wa mwisho akawa Bi Mashavu. Mkono wake ulikuwa mzima.

Makorongo akatabasamu. Alikuwa mjanja, tusimdharau. Kuwafukuza thelathini hawezi, masika yamekaribia. Kumfukuza mmoja anaweza. Akasema kwa upole, "Nyinyi mmeumia kweli, nawasamehe. Ingieni kazini. Huyu mwongo aliyewapotosha ndiye aondoke."

Mnauona mtego? Siwema alitaka nini? Kubaki. Haya, amebakishwa. Akawawaza wanawe, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bi Mashavu naye hakumwomba mtu. Aliokota nyundo yake akageuka.

"Mama, ngoja," Siwema akasema. Kisha akamwambia nyapara, "Huyu aliufunga mkono mzima kwa ajili yangu. Akitoka, natoka naye."

Msidhani hakuogopa. Akaweka nyundo chini. Ikawekwa ya pili. Ikawekwa ya tatu. Zilizofuata sikuzihesabu.

Makorongo akawageukia walio nje, akawaita waingie, nafasi zipo. Mwanamke mmoja akainua mguu, kwani na yeye nyumbani kwake kulikuwa na njaa. Akaitazama ile mikono. Akaurudisha mguu.

Jua likapanda, hakuna ko. Likafika utosini, hakuna ko. Likaanza kushuka, hakuna ko. Hapo Jumbe mwenyewe akaja kuuliza mbona kimya. Wanawake wakamsogeza Bi Mashavu mbele awasemee. Akasema anayeumia akae kivulini achambue kokoto mpaka apone, na nafasi yake isiguswe. Akasema wapewe ngozi za kuvisha vidole. Akasema tangu leo wanagonga wamekaa pamoja, na Makorongo akiwa na neno, aje awaambie wote.

Jumbe akatazama milimani. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Akakubali. Si kwa huruma, nawaambia ukweli. Alikubali kwa sababu ya mvua. Wanawake hawakumwuliza sababu. Waliokota nyundo zao wakakaa duara.

Kidole cha Siwema hakikupona. Lakini kila asubuhi aliingia langoni akipunga mkono ule ule kuwasalimu wenzake, na Makorongo alisogea pembeni akampisha.

Nimeitua hapa, mgongo wangu umechoka. Aliyesikia, ni yake. Aliyesinzia, asije kuniuliza kesho.