Bi Mwasiti na Maua ya Kitulo

Hii nimeletewa na wifi yangu asubuhi, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, kisha mpelekee yule unayemjua ana safari iliyolala.

Kondoa palikuwa na fundi cherehani, Bi Mwasiti. Miaka thelathini alikata na kushona vitenge vya maua, lakini uwanda mzima wa maua hajawahi kuuona. Siku moja akaona picha ya uwanda wa Kitulo, kule milimani Makete, kwenye kalenda ya dukani: maua, maua, mpaka mbingu inapoanzia. Moyo ukahamia huko, mwili ukabaki kwenye cherehani.

Akaanza kupanga. Ataendesha baiskeli mpaka Makete, peke yake. Kutoka hapo atapanda mlima kwa miguu, na atalala kwenye hema alilolishona mwenyewe kwa turubai. Jioni akifunga kazi, alilisimamisha uani, akajilaza ndani na kufumba macho, akasikia kabisa upepo wa mlimani. Kuku wake walishazoea kumkuta humo.

"Mama mzima, baiskeli mpaka Makete?" jirani yake Mkunde alimcheka. "Utafika vipande vipande!"

"Vipande nitavishona," akajibu. "Ndiyo kazi yangu."

Lakini chini ya mzaha palikuwa na hofu. Daktari alishamwambia kuwa macho yake yanakwisha. Dawa itachelewesha tu. Kutunga uzi kwenye sindano kulianza kumtoa jasho. Alitaka ayaone yale maua kabla giza halijafika, basi, hakuomba kingine.

Sasa mbona haendi? Ah, Bi Mwasiti alikuwa mtu wa usafi, tope hataki hata kulisikia. Akasema ataondoka Agosti, barabara ikiwa kavu. Agosti ya kwanza hema halijakamilika. Ya pili akaugua goti. Ya tatu mpwa wake akaoa, na nguo zote za harusi kashona yeye. Kila mara alisema, "Si neno, kiangazi kingine kinakuja." Mvua zikinyesha alikaa ndani na kuota njia yake, kilima kwa kilima.

Januari moja akaja mteja, Mama Sanga, mchuuzi wa viazi kutoka Makete, kupunguziwa gauni. Bi Mwasiti akamsimulia safari yote, mpaka mahali atakapochemshia chai.

Mama Sanga akacheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

"Mama, Agosti kule ni baridi na nyasi kavu. Maua yanatoka na mvua. Yapo sasa hivi, pamoja na tope lake."

"Tope kweli?"

"Tope hasa! Mpaka hapa." Akagusa goti.

Bi Mwasiti akaweka mkasi chini. Miaka mitatu, na macho yale, alikuwa akingojea msimu usio na kitu. Alilia mbele ya mteja, wala hakuficha. Kisha akamaliza gauni la watu, na keshokutwa yake akaondoka.

Jamani, njia ilimtesa! Baiskeli aliisukuma kuliko alivyoipanda. Hema likavuja, chai akainywa na maji ya mvua ndani yake. Makete akaiacha baiskeli kwa Mama Sanga, akaanza kupanda kwa miguu, fimbo mkononi.

Wiki ya tano akafika juu. Akatazama, akaona rangi tu, njano na zambarau, zimechanganyika kwa mbali. Macho hayakuweza zaidi. Basi yule mtu wa usafi akapiga magoti topeni, akasogeza uso mpaka pua ikagusa ua. Hapo akaliona, na mistari yake yote. Akasogea kwenye jingine, na jingine, mchana kutwa.

Askari wa hifadhi akapita, akamwona. "Pole, mama. Umeloa chapachapa!"

"Nimeloa, mwanangu," akasema, machozi na mvua vikimshuka pamoja. "Lakini nimeona."

Funzo: Ukingoja njia ikauke ndipo uondoke, angalia usije ukakuta na ulichokifuata kimekauka.