Bangili za Shemsa na Mayai Viza

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakioana na kuoneana wivu kama sisi, Bi Pimbi aliishi juu ya kilima cha mawe. Kimo chake kidogo, masikio yake mafupi, lakini alikuwa sonara hasa! Dhahabu, fedha, hata alumini ya sufuria zilizotoboka, vyote viliyeyuka kwenye tanuri lake vikawa mapambo.

Bintiye, Shemsa, alikuwa anaolewa kesho yake. Tangu mtoto huyo ananyonya, mama alikusanya vipande vya fedha: hereni iliyovunjika, pete iliyokatika. Siku hiyo akavuvia moto, fuu! fuu! Akaviyeyusha, akasubu bangili mbili, akazitia nakshi.

Mara, puu! Mlango ukaangukia ndani.

"Nani huyo?"

"Aliyeangusha mlango!" akajibu Fisi, akaziona bangili. "Aaa! Hizi zinanifaa."

"Kaka Fisi, hizo ni za bibi harusi!"

"Bibi harusi avae majani!" Akazisukumiza mikononi mwake, akaenda zake akicheka.

Shemsa akaangua kilio. "Mama, nitatoka mbele za watu mikono mitupu?"

Nguvu za kumpiga Fisi Bi Pimbi hakuwa nazo. Lakini macho yakamng'aa.

"Futa machozi, mwanangu. Fedha naijua mimi. Najua inachokipenda na inachokichukia."

Akatupa mfuniko wa sufuria kuukuu motoni. Alumini haina ukaidi. Mara ikawa uji. Akasubu bangili nyingine mbili, nyembamba, akazisugua kwa majivu mpaka zikametameta, akazitia kikapuni. Halafu akapita kwenye kiota alichokitelekeza Kanga, akaokota mayai viza. Uvundo huo, wee!

"Hodi, Kaka Fisi! Sikuja kwa ugomvi. Mkubwa ni mkubwa. Nimekuletea zawadi."

Fisi akanusa. Udenda chururu! "Mayai viza? Lete hapa!"

Pwaa! Pwaa! Akayapasua, akalamba, akajipaka mpaka viwikoni.

"Hunawi, kaka?"

"Ninawe nipoteze utamu?" Akajinyoosha, akalala. Koroo! Koroo!

Bi Pimbi akaketi jiweni, akizitazama bangili. Je, akiamka mapema? Lakini uvundo wa mayai ulikuwa unazibadilisha bangili. Zikawa manjano, zikawa kahawia, na jua lilipopinda zilikuwa nyeusi kama tako la chungu.

"Kaka, amka! Mikono yako imepatwa na nini?"

Fisi akaruka. Akasugua, akasugua tena. Wapi! "We mwongo! Hii si fedha!"

"Kwani mimi ndiye niliyekuvisha?"

Fisi akaona kitu kinang'aa kikapuni. "Na hizo?"

Bi Pimbi akakikumbatia kikapu. "Hizo hapana! Chukua chochote, hizo niachie!"

Angemwambia azichukue, labda angesita. Lakini alipokatazwa, Fisi akamnyang'anya palepale. Akazipima mkononi. "Mbona nyepesi?"

"Jitu lenye nguvu kama wewe, kitu gani utakiona kizito?"

Fisi akatunisha kifua. "Kweli! Basi beba masizi yako!" Akamtupia zile nyeusi.

Bi Pimbi akaondoka akilia, mpaka alipofika kwenye kona. Hapo akatoka mbio!

Nyumbani akamimina maji ya moto kwenye sufuria ya alumini, akatia chumvi na magadi, akatumbukiza bangili zikagusa chini. Chwaaa! Povu likapanda, na harufu ya mayai ikafuka.

"Mama! Weusi unahamia kwenye sufuria!"

"Uache uhame. Sufuria haiolewi."

Bangili zikatoka nyeupe pe!

Siku ya harusi Fisi akaja bila kualikwa. "Tazameni fedha yangu!" akanguruma, akapiga mkono juu ya jiwe ili wote wasikie. Ta! Sauti kama ya kijiko. Bangili ikapindika.

Shemsa naye akainua mikono kucheza. Ngliiing! Ngliiing!

Fisi akaduwaa. "Hizo... si zile?"

"Zile zile, kaka," akasema Bi Pimbi. "Ulinirudishia kwa mkono wako mwenyewe."

Kicheko kikapasuka kilima kizima. Vigelegele! Fisi akafyata mkia, akatokomea vichakani akihangaika kuivua bangili iliyopindika, nayo haivuliki.

Basi, wanangu, nguvu zaweza kumnyang'anya mtu mali yake, lakini haziwezi kumnyang'anya anachokijua.