Chungu cha Mchele wa Gatini

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa bandari, huko pwani ya Hadhramaut, palikuwa na ada iliyoheshimiwa kuliko amri nyingi za watawala. Merikebu za Bara Hindi zilipofika na mchele, mahamali waliyabeba magunia kutoka gatini hadi maghalani, na punje zilizodondoka njiani mwenye mali hakuziokota. Hizo zilikuwa haki ya wajane. Baada ya sala ya alasiri, pilikapilika zikishatulia, wajane walikuja na fagio zao, wakafagia, wakapepeta mchanga, wakaenda kupika. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mchele uwe umeanguka wenyewe.

Mji mzima uliishi kwa gati hilo. Tajiri alipata lake, hamali lake, mshona magunia lake, na hata paka wa maghalani walinenepa kwa panya. Wajane nao walipata lao.

Miongoni mwao alikuwako Bi Nusaiba, Mola amrehemu, ambaye mumewe alikuwa hamali na alifia kazini, akamwachia watoto wadogo. Mwaka mmoja vyombo vilivyotia nanga vilikuwa haba, na wafagiaji walirudi na mchanga mwingi kuliko mchele. Bi Nusaiba alikuwa mtu wa ibada, lakini msidhani kwamba tumbo la mcha Mungu halingurumi. Lilinguruma, naye akaswali hivyo hivyo.

Siku moja, mahali alipozoea kufagia, akakuta mchele mwingi umemwagika. Akashangaa, akashukuru, akajaza ungo wake. Alipofika nyumbani aliuosha, akautia chunguni, akakoka moto. Watoto wakakizunguka chungu, na ukiwaondoa huku wanarudi kule.

Maji yalipoanza kuchemka, akapiga hodi Mabkhut, ndugu wa marehemu mumewe, naye pia hamali. Aliingia amechangamka.

"Shemeji, leo umepata!"

"Alhamdulillahi. Mungu amenifungulia mlango."

Mabkhut akacheka, akaigusa kulabu iliyokuwa kiunoni pake, ile ya chuma ambayo mahamali huvutia magunia. "Mlango nimeufungua mimi, kwa hii. Nilipopita kwenye sehemu yako nikalichoma gunia kidogo. Wala usiwe na wasiwasi, kesho nitapita hapo hapo."

Bi Nusaiba akawatazama wanawe, akakitazama chungu, na kwa kweli alitamani shemejiye asingefungua kinywa. Angekuja kesho! Angekuja watoto wakiwa wamekwisha kula! Lakini alikwisha kuambiwa, na mtu aliyekwisha kuambiwa hawezi kujifanya hakusikia mbele ya Mola wake.

"Mungu akulipe kwa nia yako, shemeji," akasema. "Lakini hawa ni mayatima wa ndugu yako. Usiwalishe haramu."

Akachukua kitambaa, akaepua chungu, akakibeba kikifuka mvuke, na kilio cha wanawe kikamfuata mpaka njia panda.

Mwenye mchele ule alikuwa Sheikh Awadh bin Salmin, mfanyabiashara mkubwa ambaye neno lake lilifuatwa gatini. Bi Nusaiba alimkuta ghalani pamoja na wenzake, wakilalamika kwamba siku hizi magunia yanafika mepesi. Akatoa salamu, akakiweka chungu chini.

"Sheikh, mchele huu ni mali yako. Haukuanguka wenyewe, gunia lilichomwa kulabu. Nimejua baada ya kuutia motoni, ndiyo maana naurudisha ukiwa hivi."

Awadh akakunja uso. "Nani aliyelichoma?"

"Nimekuja kurudisha haki yako, sikuja kumshitaki mtu. Aliyefanya amefanya kwa ajili ya njaa ya nyumbani kwangu. Lawama niwekee mimi."

"Nitakuwekea," akajibu Awadh kwa hasira, maana alidhani sasa ameijua sababu ya hasara yake yote. "Kuanzia kesho fagio zenu zisionekane gatini. Nyote."

Bi Nusaiba akatoka mikono mitupu, hata chungu akakisahau. Habari ilimtangulia. Mlangoni pake alimkuta mjane mwenzake, Bi Zamzam, amesimama mikono kiunoni.

"Kwa hiyo wanangu walale na njaa ili wewe uende peponi?"

Bi Nusaiba aliingia ndani akalia, na neno lile lilimuuma kuliko njaa yenyewe, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo hakumtaja Mabkhut. Alisuka mikeka, akawalisha watoto tende kavu alizojaliwa, akasubiri.

Merikebu nyingine ikaja. Punje zilidondoka kama kawaida, zikakanyagwa na mahamali, na wajane wakasimama kando ya ukuta wakitazama. Mabkhut naye alizikanyaga alipokuwa akibeba. Mara akalitua gunia mbele ya Awadh, aliyesimama akihesabu mzigo wake, akaitoa kulabu, akaiweka miguuni pake.

"Sheikh, mkono uliochoma gunia ni huu. Yule mama hakunituma wala hakujua. Nifukuze mimi, usiwanyime wajane haki yao."

"Umechoma mangapi?"

"Hilo moja, wallahi."

Awadh akaiokota kulabu ile. "Basi mengine yalichomwa na wengine," akasema, "wakala, wakanyamaza. Aliyenirudishia ni yule mwenye njaa peke yake, nami ndiye niliyemfukuza. Astaghfirullah."

Alasiri ile ile fagio zikaruhusiwa. Mabkhut akaachiwa kazi yake kwa sharti abebe bila kulabu, na inasemekana alibeba hivyo mpaka uzeeni. Kisha Awadh akaagiza gunia zima lipelekwe nyumbani kwa Bi Nusaiba. Mama huyo akamzuia mlangoni hamali aliyelileta.

"Mwambie Sheikh, Mungu amzidishie. Lakini ufagio tulizuiwa sote. Akipenda kutoa, akalifungue gatini, kila mmoja wetu afagie."

Awadh akaenda mwenyewe, akalifungua gunia kwa mkono wake, akaumwaga mchele juu ya gati. Alikuwa amekuja pia na kile chungu, kimeoshwa, akamrudishia mwenyewe. Wajane wakafagia. Bi Zamzam ndiye aliyejaza ungo wake kwanza. Akaunyanyua, akamwendea Bi Nusaiba bila kumtazama usoni, akaumimina wote chunguni mwake, akarudi kuanza kufagia upya.

Ndugu zangu, sisi chungu kikichemka tunauliza kitaiva saa ngapi. Wenzetu wale walijali kwanza kilichomo kimetoka wapi, na walijali watoto wakilia. Mola atujaalie mkono wa kuepua.