Ng'ombe wa Masunga Juu ya Tuta

Alikuwapo Nkwimba, mjane mwenye ulimi ambao hata paka wake aliuogopa. Nyumba yake ilikuwa bondeni, chini ya tuta la udongo la kuzuia mafuriko. Mwaka ule wanakijiji walilipandisha tuta, lakini udongo mpya ulikuwa tifutifu. Usipokanyagwa na ng'ombe ukashikamana, mvua ya kwanza ingeuzoa pamoja na nyumba ya Nkwimba.

Kundi la ng'ombe la kutosha kazi hiyo alikuwa nalo Masunga peke yake. "Nilipeni ng'ombe mtamba mmoja kila kaya," alisema walipomwomba, "la sivyo kanyageni wenyewe."

"Haya baba, kaa na ng'ombe wako," akajibu Nkwimba, akaenda zake sokoni.

Hazikupita siku nyingi, akarudi kwa Masunga akilia kama aliyefiwa. "Baba, waondoe ng'ombe wako! Wakitoka kunywa maji wanapanda tuta letu, wanashinda pale wakilikanyagakanyaga. Tulishalishindilia wenyewe kwa miguu, sasa kwato zao zinalibomoa! Wachungaji wako wameshindwa kuwatoa!"

Masunga akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Siwaondoi ng'o! Si mlininyima mitamba? Washinde hapohapo mpaka mvua inyeshe!"

Mvua ikanyesha kama iliyotumwa. Maji yakajaa, yakaligonga tuta, yakatulia. Masunga alipokuja kutazama maangamizi, alimkuta Nkwimba kibarazani anakula viazi.

"We Nkwimba, ng'ombe wangu sasa hawatulii zizini. Walikuwa wanafuata nini kwenye tuta lako?"

"Wanunulie chumvi, baba. Mimi gunia langu nimelimwaga lote kule juu."