Ukili Uliopumzika

Hadithi imebisha hodi, wanangu!

— Ikaribishwe!

Imebeba nini?

— Imebeba utamu!

Na uongo je?

— Nao uketi, tumeuzoea!

Basi sogeeni. Wewe mwenye muhogo mdomoni, tafuna umalize, maana nitauliza maswali.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kufanya kazi za mikono, aliishi Nungunungu mmoja katika pango kando ya bonde. Majirani walimwita Bi Nungu. Alikuwa fundi wa mikeka, na hakununua sindano hata siku moja. Mwiba ukivunjika, alichomoa mwingine mgongoni, kazi ikaendelea.

Bi Nungu alikuwa na binti mmoja, Kinungu. Na Kinungu, jamani, alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mama, kwa nini moshi hauanguki? Mama, kwa nini kobe hahami nyumba? Mama, konokono analala saa ngapi? Hata mwenye masikio ya tembo angechoka.

Sasa katika bonde lile palikuwa na desturi. Masika yakiingia, hakuna aendaye mbali. Kina mama huketi ndani na watoto wao, wakasuka ukili. Mnaujua ukili? Ni ule utepe wa majani ya mkindu, unaoshonwa kwa mwenziwe, na kwa mwenziwe tena, mpaka ukawa mkeka. Mvua zikikatika, kila mtoto huleta ukili wake uwanjani, unaning'inizwa kwenye kamba, na watu wazima hupita wakitazama. Siku hiyo waliiita Siku ya Kutandika.

Masika yakaingia. Kinungu akapewa chane zake za majani ya mkindu, akaanza. Juu, chini, vuta. Juu, chini, lo! Kipepeo! Akatazama kipepeo, mkono ukateleza. Ukili wake ukaenda huku na kule kama njia ya mlevi.

"Mwanangu," mama akasema, "hebu kaniletee kuni."

Kinungu akaenda, akarudi. Heee! Ukili umenyooka, umebana, hauna kasoro.

"Mama! Kwa nini ukili wangu umenyooka?"

Bi Nungu akakohoa kidogo. "Ukili nao huchoka, mwanangu. Ukiachwa upumzike, hunyooka."

Nani aliunyoosha? Shhh! Mnajua, lakini Kinungu hakujua, na mimi naenda na Kinungu.

Mtoto akastaajabu sana. Akataka kuhakikisha. Siku ya pili akasuka vibaya, akauacha nyuma ya chungu, akaenda kuteka maji. Akarudi, umenyooka! Siku ya tatu akasuka vibaya zaidi, makusudi, akauficha chini ya kitanda, akatoka kucheza. Akarudi, umenyooka!

"Kumbe kweli!" akasema Kinungu.

Tangu hapo hakuhangaika tena. Alisuka macho yakiwa mlangoni, akauweka chini, akaondoka zake. Na ilipofika Siku ya Kutandika, ukili wa Kinungu ulishinda wote. Watu wazima wakapiga vigelegele. Bi Nungu akavimba kwa fahari mpaka miiba ikamsimama.

Watoto wenzake wakamzunguka. "Tupe siri, Kinungu."

Naye hakuwa mchoyo. "Ukishasuka, uache upumzike. Utanyooka wenyewe."

Mtoto wa Sungura akauacha wake siku mbili. Mtoto wa Ngedere akauacha wake siku tatu. Kupinda ni kule kule. Wakamjia juu. "Muongo wewe!"

"Labda mliuchungulia," Kinungu akawaambia. "Haupendi kutazamwa." Lakini moyoni akaanza kujiuliza, na swali lile hakumpelekea mama.

Kiangazi kikakolea. Siku moja alasiri, Bi Nungu na Kinungu wakaenda kuchimba mihogo katika shamba la watu. Msinitazame hivyo, nungunungu ndivyo alivyo! Mwenye shamba alikuwa amechoka kuibiwa. Alikuwa amechimba shimo refu, akalifunika majani. Bi Nungu akakanyaga. Puuu! Akatua chini kabisa.

"Mama! Umeumia?"

"Sijaumia, mwanangu, lakini kuta zinateleza, siwezi kupanda. Na mwenye shamba huja na mkuki wake jua likigusa kilima. Jua liko wapi?"

Kinungu akatazama. "Limeshaanza kushuka, mama. Nikaite majirani?"

"Hutarudi mapema. Unauona mkindu pale kijitoni? Kata majani yake, uyachane, usuke ukili mnene. Uufunge kwenye kisiki hicho cha karibu, unishushie. Haraka!"

Kinungu akakata, akachana, akasuka. Akasuka vile alivyozoea, ovyo ovyo, shimo hapa, fundo pale. Kisha akauweka chini, akaupa mgongo, akafumba macho.

"Kinungu! Mbona kimya?"

"Naungoja upumzike, mama."

Kule shimoni, Bi Nungu akafungua kinywa, akafumba. Akafungua tena.

"Mwanangu, ukili haupumziki."

"Unasemaje, mama?"

"Haupumziki, wala haunyooki. Ni mimi. Ulipokwenda kuleta kuni, niliufumua nikausuka upya. Ulipokwenda kuteka maji, niliufumua nikausuka upya. Ulipokwenda kucheza vilevile."

Kinungu akageuka, akautazama ule ukili pale chini. Ulikuwa mbaya kama alivyouacha. Machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo mimi sijui kusuka?"

"Hujui, mwanangu. Na hujui kwa sababu sikukuacha ujue."

"Kwa nini, mama?"

"Niliona haya. Niliogopa watu wataucheka ukili wako."

"Si wangenicheka mimi, mama? Ningelia, halafu ningesuka mwingine."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanangu, na siku ile Bi Nungu alilia hasa, kule chini peke yake.

Kinungu akaushusha ule ukili hivyo hivyo. Mama akauvuta. Pwa! Ukakatika.

Akasuka wa pili kwa hasira, macho yamejaa maji. Akaushusha. Mama akapanda hatua moja, hatua mbili. Pwa! Ukakatika, mama akaanguka chali.

"Jua liko wapi?"

"Limekaribia kilima, mama!"

"Futa machozi. Usitazame jua. Nisikilize mimi. Juu, chini, vuta."

"Juu, chini, vuta," akaitikia Kinungu. Nanyi mwitikieni! Juu, chini, vuta! Juu, chini, vuta! Kipepeo akapita, Kinungu hakumtazama. Akikosea, anarudi nyuma, anafumua mwenyewe, anasuka tena. Vidole vikamwuma. Ukili ukawa mrefu. Mzuri haukuwa. Ulikuwa umepinda, una vinundu kama goti la ngamia. Akaufunga kisikini, akaushusha.

Bi Nungu akaushika. Mikono yake ya ufundi ikaanza kuwasha.

"Mwanangu, hapa pamelegea kidogo. Ngoja nipanyooshe tu..."

"Usiuguse, mama! Panda!"

Sijasikia mtoto akimkaripia mama yake katika hadithi nyingine, na msijaribu nyumbani. Lakini siku ile ilifaa. Bi Nungu akaacha kunyoosha, akapanda. Hatua moja, ukili ukalia krrr. Hatua mbili, krrr. Hatua tatu, nne, tano, na pua ya mama ikatokea juu ya shimo. Kinungu akamvuta kwa meno, na wakakimbia!

Mwenye shamba alipofika na mkuki wake, alikuta shimo tupu na ukili unaning'inia. Akaushika, akaugeuza. "Nani aliyesuka takataka hii?" akasema. Kisha akauvuta kwa nguvu zake zote, na haukukatika.

Masika mengine yakaingia. Kinungu akaketi kusuka, na ukili ukaanza kwenda upande. Bi Nungu akauona. Mikono ikamwasha. Akaikalia! Lakini mwili haukutulia, ukatetemeka, na miiba yote ikagongana mgongoni, chaka-chaka-chaka.

"Mama, kwa nini unatikisika?"

"Suka tu, mwanangu. Suka."

Na ndiyo sababu mpaka leo nungunungu akiudhika hutikisa miiba yake. Anaona kosa la mtoto, na anauzuia mkono wake.

Mafunzo ya hadithi hii ni haya: kazi ya mtoto, hata ikipinda, mwachie aimalize mwenyewe. Ukimfanyia leo ili asichekwe, siku ya shida hutapata wa kukuokoa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake ni wenu, gaweni. Uongo wake nirudishieni, kesho nitauhitaji!