Kitufe Ambacho Fisi Hakukigusa

Mwaka ambao hata Kiboko alioga vumbi, Mto Kiselu ulibaki mchanga mtupu. Maji yalikuwapo chini, lakini waliojua pa kuchimba walikuwa wamezeeka, na watoto walilia kiu. Simba, ambaye hatangazi jambo bila kwanza kutikisa manyoya ya shingo, aliwaita wanyama wote.

"Nataka somo kwenye kishikwambi, lenye picha ambazo mtoto atazizungusha kwa kidole, aone juu, ubavuni na chini, ajue pa kuchimba. Atakayeshinda atakunywa wa kwanza kila siku mpaka mvua inyeshe. Mimi nitakunywa wa pili. Na mjue imeniuma kusema hivyo!"

Fisi alisikia "wa kwanza" tu. Kwa kuwa hakujua kuchora hata jiwe, alimvizia Sungura akisinzia mchana, akainakili kazi yake yote.

Alipoifungua nyumbani alishangaa. Palikuwa na mto na mkuyu mmoja kwenye kona yake, basi. Ukigusa mkuyu, mchanga unafunguka, unaona maji chini yake.

"Hili ndilo somo?" Fisi alicheka. "Limekonda hivi, nani atashiba?"

Akalinenepesha. Akatia vyura wacheza ngoma, mawingu saba ya radi, majina ya samaki wote, sauti yake mwenyewe ikisimulia habari za mto tangu enzi za babu yake, na vitufe arobaini. Kimoja zaidi alikuwa amekikuta pembeni tayari, kimeandikwa "Punguza". Hakukigusa. Yeye na kupunguza, wapi na wapi!

Siku ya majaribio Fisi aliwahi mbele. Watoto walizungusha, wakabonyeza, wakapiga kelele za furaha. Kisha Simba akawapeleka mtoni. Mtoto wa Nyumbu alichimba katikati ya njia. Mtoto wa Swala alikaa chini, kichwa kinamuuma.

"Maji yako wapi?" Simba alinguruma.

"Hatujui, Mzee," alijibu Chausiku, binti wa Fisi mwenyewe, midomo imekauka. "Ila yule chura wa kijani anajua kukata kiuno!"

Fisi aliona aibu, kisha akaona uchungu. Alimpenda binti yake kuliko mfupa, na kwa fisi hilo si jambo dogo.

"Bwana Fisi," Sungura aliuliza kwa upole wa mtu anayejua jibu, "kile kitufe cha pembeni umewahi kukibonyeza?"

Chausiku akakibonyeza. Vyura wakatoweka, radi ikatulia, sauti ya baba yake ikakatika katikati ya neno. Ukabaki mto na mkuyu, na juu yake yakatokea masikio mawili marefu, alama ya Sungura.

"Niliificha mahali ambapo mwizi mwenye tamaa hafiki," alisema Sungura.

Chausiku hakumsikiliza. Aligusa mkuyu mara moja, akatazama chini yake, akakimbia hadi kwenye mkuyu wa kweli na kufukua. Maji yakaja, yana tope, na watoto wakayanywa hivyo hivyo.

Sungura akapewa zawadi yake. Fisi akaamriwa anywe wa mwisho na aketi darasani kwa Sungura pamoja na watoto. Asubuhi ya kwanza aliinua mkono.

"Mwalimu Sungura, leo tunajifunza mambo mangapi?"

"Moja."

"Moja tu? Si ungeongeza kidogo..."

"Punguza!" darasa zima likapaza sauti, na aliyepaza kuwashinda wote alikuwa Chausiku.